Mpigapicha Aliyekataza Kicheko

Kwetu Nyaishozi, mzee akiona wanawe waliotawanyika Mwanza na Bukoba wamerudi ghafla, wamemnunulia shati jipya na wanamwambia kwa sauti ya upole, "Baba, twende kwa Mzee wa Picha," anajua kinachoendelea. Hakuna aliyemtamkia ugonjwa. Hakuna aliyemweleza daktari amesema nini. Lakini karibu kila picha iliyobebwa mbele ya jeneza hapa kwetu, tangu nilipoolewa, imepigwa na mtu huyo mmoja, na wazee si wajinga. Wengi huvaa shati wakaenda kimya kimya. Jirani yetu mmoja aliwajibu wanawe kwamba atakwenda akishavuna kahawa. Alipovuna akasema atakwenda akishapalilia, na kwa mtindo huo ameishi miaka mingi, anakula vizuri, na shati bado liko kwenye nailoni yake.

Mimi binafsi sikumwita Mzee wa Picha. Alikuwa mume wa dada mkubwa wa mama yangu, kwa hiyo kwangu ni Baba Mkubwa. Ila akina Baba Mkubwa ninao wengi, na Mzee wa Picha ni mmoja tu, basi hapa nitamwita kama wanavyomwita watu wote.

Kabla ya kustaafu alikuwa mtu wa eksirei katika hospitali ya misheni. Hakuwa daktari, na hakuwahi kusema kwamba ni daktari, lakini alitembea kwa namna ambayo ilikuachia nafasi ya kudhani hivyo. Alikuwa na usemi wake: "Nyinyi mnawaona watu kwa nje. Mimi nimewaona mpaka ndani." Aliusema kwenye harusi, aliusema kwenye sherehe za kipaimara, na aliwahi kuusema kwenye mkutano wa wazazi wa shule uliokuwa unajadili vyoo. Mtu aliyekuona mbavu huna hoja ya kumshinda nayo.

Kamera yake ni ya kukunja, kuukuu, na kwa madai yake imemzidi umri. Ukibonyeza kitufe, kifuniko kinafunguka na lenzi inatoka mbele ikivuta mfuko wa ngozi uliokunjwakunjwa kama kodiani. Mfuko huo ulikuwa na matundu, na kila tundu amelizibia gundi ya tairi za baiskeli, kisha akapaka rangi ya viatu ili mwanga usipenye. Filamu yake ni pana, upana wa vidole vitatu na zaidi, na mkanda mzima unatoa picha nane tu. Mgongoni kuna kijidirisha chekundu cha kuchungulia namba, ili ujue umefika picha ya ngapi. Kila mkanda mpya uliagizwa kwa jamaa wa Dar es Salaam na kuja kwa basi, umefungwa pamoja na dawa za kienyeji na barua za harusi, na yeye aliupokea pale stendi ya Omurushaka akiwa amevaa koti.

Kwa kuwa picha ni nane, hakuna mtu aliyepigwa mara mbili. Ukifumba macho, umefumba. Ukoo wako utakukumbuka ukiwa umelala. Na kabla hajakupiga alikukagua kama mwalimu wa zamu. Niliwahi kumwona akimrudisha mtu nyumbani kwenda kusafisha viatu, na picha yenyewe ilikuwa ya kuishia kifuani. Nilipomuuliza kwa nini, akasema mtu mwenye viatu vichafu uso wake unajua.

Amri yake kubwa ilikuwa moja. "Usicheke," alisema. "Utakaa ukutani muda mrefu, na wageni wengine watakuja na misiba yao." Ndiyo maana ukizunguka nyumba za Nyaishozi utakuta marehemu wetu wote wamekasirika. Kuna bibi mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa mchangamfu kuliko redio, lakini pale ukutani kwao anakutazama kana kwamba umemwibia mbuzi. Wajukuu waliozaliwa baada yake wanamwogopa hadi leo.

Simu za watu alizidharau mno. Alisema picha ya simu ni kama uji wa dakika mbili, unashiba na papo hapo una njaa. Hata hivyo yeye mwenyewe alikuwa na simu nzuri, na ndani yake mpwa wake alimwekea kitu cha kupima mwanga. Basi kabla ya kupiga picha angegeuka kuutazama ukuta, akainama kidogo kama anayepiga chafya, akachungulia simu ndani ya koti. Kisha aligeuka, akainua pua kuelekea mawinguni, akavuta hewa na kutangaza namba za kuweka kwenye lenzi. Wazee walitikisa vichwa kwa heshima. Mimi niliyekaa upande wa ukuta niliona kila kitu, nikanyamaza kwa sababu za kifamilia.

Filamu alizisafisha nyumbani, mchana kweupe, katika ghala dogo alilokuwa anahifadhia maharage, dirisha limezibwa kwa mablanketi mawili. Enzi za hospitali alitumia mabaki ya dawa za eksirei. Hospitali ilipoleta mashine inayotoa picha kwenye kompyuta, mabaki yakakoma, na kwa wiki kadhaa Mzee wa Picha alikuwa mnyonge kama mfiwa. Ndipo mpwa yule yule akasoma mtandaoni kwamba kahawa ya unga, ikichanganywa na magadi ya kufulia na vidonge vya vitamini, inaweza kuitoa picha kwenye filamu. Baada ya mwezi, Mzee wa Picha alikuwa akisimulia jinsi alivyoligundua jambo hilo mwenyewe.

Hapo sasa ndipo nilipokuwa nacheka peke yangu njiani. Mtu ana kibanja, shamba la nyumbani, chenye mibuni mizuri kuliko yote ya mtaa, anaichuma, anaianika, anaiuza. Halafu anapanda gari kwenda Omurushaka kununua kahawa ya kopo ili akasafishie picha. Na kinywani mwake haiingii hata tone. Alisema kahawa inapandisha presha. Wageni aliwakaribisha kwa punje za kahawa za kutafuna, kama desturi inavyotaka, lakini yeye alikunywa chai ya maziwa, na ghala lake lilinuka kahawa mpaka nguo za watoto wa jirani zilizoanikwa uani zilinuka vilevile.

Kosa lake lililovuma kuliko yote lilitokana na ndizi. Mwaka mmoja alikuwa ameivisha ndizi za pombe ya rubisi humo humo ghalani, na ndizi zikiiva zinaleta vile vijinzi vidogo vinavyoelea juu ya mtungi. Akaanika filamu ya mwenyekiti wa zamani wa kijiji ikiwa bado mbichi. Kijinzi kimoja kikatua juu ya nyusi ya mwenyekiti, kikanasa. Mzee wa Picha akakibandua kwa ukucha, kikaondoka na ngozi ya filamu, na kwenye picha iliyosafishwa pakabaki doa jeusi lenye miguu. Familia iliomba arudie. Akakataa, filamu si maharage, alisema, na isitoshe nzi alikuwapo.

Mwenyekiti alipofariki, picha ikakuzwa kwa kijana mwenye kompyuta pale Omurushaka, na nzi naye akakuzwa. Msibani nilikuwa nimekaa nyuma ya shemeji wa marehemu, mama mnene mwenye huruma. Alipomaliza kulia aliinua kitambaa na kumfukuza nzi. Nzi hakuondoka. Akamfukuza tena. Mwanakwaya mmoja akasogea kusaidia, kisha mwingine, mpaka padri akanyamaza katikati ya mahubiri akitazama watu watatu wakimpungia mkono marehemu. Mzee wa Picha alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, akisema kwa sauti ya chini kwamba mahali hapa ni pachafu.

Nimesimulia hayo ili mjue kwamba nampenda. Sasa niseme lililo zito.

Mkewe, Mama Mkubwa wangu, alikuwa mtu wa kucheka. Si kutabasamu, kucheka, mabega yakitikisika, kitambaa kikianguka, mpaka aliyekuwa akimkemea naye anashindwa. Mara nyingi Mzee wa Picha alimkalisha kwenye kiti mbele ya shuka jeupe ili ampige picha. Alimwambia, "Usicheke." Basi, hapo hapo mabega yalianza. Mzee alingoja. Alimtazama kwa ukali wa kihospitali, na ukali huo ndio uliokuwa unamchekesha zaidi. Mwishowe angeikunja kamera na kusema, "Tutapiga siku utakayokuwa na akili." Na mtu mwingine asingeweza kumpiga picha, maana Mzee alikwishatoa tamko kwamba mke wa mpigapicha hapigwi picha na simu.

Mama Mkubwa aliondoka asubuhi moja kwa presha, kabla chai haijachemka. Katika nyumba iliyotoa picha za marehemu wa kata nzima hapakuwa na picha yake hata moja. Ilibidi wanawe wachukue ile ya kitambulisho cha kupigia kura, wakaikuze. Ilitoka na ukungu, na Mama Mkubwa, ambaye siku ile inaelekea alikatazwa kucheka na serikali, alionekana kama mtu aliyekamatwa. Ndiyo iliyobebwa mbele ya jeneza la mke wa Mzee wa Picha. Watu walitazama chini kwa adabu. Baada ya matanga aliitoa ukutani, akaigeuza, akasema, "Huyu simfahamu." Tangu hapo ukuta wa sebule yake ulibaki na msumari mtupu.

Hakuwahi kulizungumza, isipokuwa mara moja nilipokwenda kumpelekea maharage nikamkuta anasuuza filamu kwenye beseni. Bila mimi kumuuliza akasema, "Nilikuwa nangoja atulie." Kisha akaniambia nisogee, namzibia mwanga. Ungetarajia mtu wa namna hiyo aache amri yake ya kukataza kicheko. Wapi! Aliizidisha. Ilikuwa kama vile akiiacha atakiri kwamba miaka yote ile ingewezekana.

Mama yangu ni mdogo wake Mama Mkubwa. Anaishi Kaisho, kwenye kibanja chake cha migomba na ng'ombe wawili wakorofi. Walipokuwa wasichana watu waliwachanganya sokoni: uso ule ule, mwanya ule ule, na kicheko kile kile cha mabega. Na mama yangu alikuwa hapigwi picha. Hata ukitoa simu alijifunika ungo usoni. Alikuwa ameona yaliyowapata wote waliokaa kwenye kiti cha shemeji yake, na hesabu aliyoifanya ilikuwa rahisi: aliyepigwa amezikwa.

Alipougua nimonia akapona, sisi watoto tuliogopa. Dada yangu wa Bukoba akanituma mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa karibu.

"Mama, ni picha tu," nikamwambia.

"Dada yako hajanipigia simu tangu Pasaka. Leo anataka picha. Ya nini?"

"Ya ukumbusho, Mama."

"Ukumbusho wa nani, na mimi niko hapa? Akitaka kunikumbuka aje ale ndizi."

Nikarudi Nyaishozi mikono mitupu. Nikampitia Mzee wa Picha, nikamwamkia, nikamweleza kwamba Mama amekataa. Kwa kawaida angetoa hotuba juu ya ushirikina na watu wasiosoma sayansi. Safari hii aliichukua kamera akaisogeza karibu na pua. Macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Namba kwenye kijidirisha chekundu alikuwa hazioni tena, alizikisia. Akaniambia kwamba mkanda uliobaki ni mmoja, na hataagiza mwingine.

"Mwambie shemeji aje," akasema. "Mwambie si mambo ya kufa. Mwambie namwomba."

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nilimpelekea Mama kama lilivyo. Alikuwa anachambua maharage, mikono ikasimama.

"Ameomba? Yeye?"

"Ndiyo."

"Mawe!" akamaka Mama kwa kilugha, akaweka ungo chini. "Basi nitakwenda. Siendi kwa ajili yenu."

Tulikwenda siku ya Jumamosi. Alivaa kitenge chake cha rangi ya machungwa chenye maua makubwa, ambacho yeye na dada yake walinunua doti moja wakagawana. Tulipobadilisha gari Omurushaka niliona anasali. Nilimwonea huruma, nikajiona mjinga kwa kumtoa kwake.

"Shikamoo, Baba Mkubwa," nilisema tulipoingia uani.

"Marahaba. Shemeji yuko wapi?"

"Niko mbele yako, waitu, ndugu yangu," Mama akajibu. "Umezeeka kweli!"

Kiti kilikuwa tayari mbele ya shuka. Mama akaketi, mgongo wima, amekunja midomo kama anayesubiri sindano. Mzee wa Picha akaugeukia ukuta, akachungulia simu yake, akavuta hewa, akatangaza namba. Akaniita nimsomee kijidirisha. Kisha akainama juu ya kamera na kuanza kutoa maelekezo.

"Shemeji, inua kidevu. Zaidi. Geuka kushoto kidogo. Hapo. Na hicho kitambaa chekundu kitoe kichwani."

Mama hakuwa na kitambaa chekundu. Kichwani hakuwa na kitu. Kitambaa chekundu kilikuwa kwenye kamba ya nguo, kando ya shuka, na chini yake alikuwa amesimama jogoo. Mzee wa Picha alikuwa anamwelekeza jogoo.

Kwanza Mama aliziba mdomo. Halafu mabega yakaanza. Nikasema moyoni, yamekwisha, sasa ataikunja kamera na tutarudi Kaisho tulivyokuja. Mzee alinyanyuka. Alisimama pale, kichwa kimeinama upande, anasikiliza. Mama alicheka hadi akashika magoti. Ndipo akaielekeza kamera kwenye kicheko, nikaisikia ikilia kwa ule mlio wake mzito. Akazungusha filamu, akabonyeza tena.

"Baba Mkubwa," nikamnong'oneza, "anacheka."

"Nasikia," akasema, akabonyeza tena.

Alimaliza mkanda mzima. Yeye ambaye hakumrudia mtu aliyefumba macho, yeye aliyemwachia mwenyekiti wa kijiji nzi usoni, alimpiga mama yangu picha zote nane, na katika zote hakumwambia aache.

Zilipotoka, saba zilikuwa hazifai. Ya nane ndiyo hii tuliyonayo. Kamera ile inachelewa kufunga, na Mama alikuwa anatikisika kuanzia mabegani kwenda juu, kwa hiyo kitenge kimetoka safi, unaweza kuhesabu maua, lakini uso umetikisika. Unaona mwanya, unaona macho yaliyofumbwa, unaona furaha. Ila kama hujui ni nani, huwezi kuapa. Nilimtumia dada yangu kwa simu. Akajibu, "Hii ndiyo tutaibeba kweli?" Mama alipoiona alisema tu kwamba maua yametoka vizuri, akaenda kukamua ng'ombe. Hakufa wiki ile wala mwezi uliofuata. Baadaye akaacha kungojea.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya maharage, tulisikia Mzee wa Picha amefanyiwa upasuaji wa jicho moja na yuko nyumbani anapokea wageni. Mama akasema twende tumwone, akakata mkungu wa ndizi, akavaa kile kitenge chake cha maua, na khanga mabegani. Tukamkuta sebuleni amekaa na akina mama wawili wa jumuiya, mmoja ni mgeni aliyehamia Nyaishozi na mumewe juzi juzi. Tukasalimiana, Mama akapewa nafasi kwenye kochi chini ya ukuta, mimi nikakaa mkabala naye. Nilipoinua macho nikaiona.

Ilikuwa juu ya kichwa cha Mama, kwenye ule msumari, ndani ya fremu pana ya kioo. Ameikuza. Kwa hiyo alikwenda mwenyewe kwa yule kijana mwenye kompyuta aliyekuwa akimsema kila siku. Mama yangu akicheka, uso umetikisika, kitenge cha machungwa kikiwa kijivu, maua yote mahali pake. Nikajiandaa kumsifu Mzee. Ila yule mama mgeni akaniwahi.

"Waitu, huyu anayecheka ni nani?"

"Ni mke wangu," akasema Mzee wa Picha. "Marehemu."

Alisema bila kusita, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la kijiji chake. Nilifungua mdomo. Mama aligeuza shingo, akaitazama picha, akaitazama kwa muda. Halafu taratibu, kama mtu aliyesikia baridi, akavuta khanga yake kutoka mabegani, akaifunika mbele mpaka magotini, na maua ya kitenge yakatoweka yote. Mimi akanitolea jicho, nikafunga mdomo.

"Inaonekana alikuwa mcheshi," yule mgeni akasema.

"Sana," akasema Mzee. Jicho lake lililopona lilikuwa limelowa. "Alikuwa hajui kutulia."

"Tangu utoto," akasema mama yangu. "Mimi ni mdogo wake. Ndivyo alivyokuwa, hivyo hivyo."

Mzee akageuka upande wake. Sijui kama alikuwa amesahau, au alikuwa anajua kila kitu na alikuwa anangoja kuona atakachofanyiwa. Aliinamisha kichwa kidogo na kusema, "Ahsante, shemeji." Tukaletewa chai.

Tulipotoka nilikuwa na hasira, na nilimwambia Mama barabarani wazi wazi: amekuua ungali hai, amekutundika, na hiyo ndiyo picha yako pekee tuliyonayo. Mama alikuwa anatafuta kivuli cha kusubiria gari. Alitua kapu lake tupu chini.

"Mwache," akasema. "Dada hana uso mwingine wa kukaa pale. Mimi wangu bado ninao."

Akaivua khanga, akaikunja, akakinyoosha kitenge vizuri.

"Haya, toa hiyo simu yako. Sasa nipige mimi."